Patasi mpya inang'aa kama kioo lakini haikati. Mng'aro una maana gani kwenye zana mpya?

#1 Mwanapatasi
Wakuu, salaam. Kuna jambo linaninyima raha wiki nzima. Nimenunua seti mpya ya patasi nne: milimita 6, 12, 18 na 25. Zimetoka kwenye boksi zinang'aa kiasi kwamba unaweza kujiangalia meno. Mipini ina vanishi nzito, shingoni pete ya shaba, ukiziona utadhani za maonyesho.

Mwenzangu wa karakana ana patasi moja ya kijivu. Mgongoni ina mistari ya jiwe, mpini mkavu hauna rangi yoyote. Aliinoa dakika chache tu mbele yangu, akakata mbao ngumu upande wa kichwa cha nyuzi, yaani mwisho wa ubao pale nyuzi zilipokatwa, pakabaki laini kama pamepakwa nta. Yangu ya 18 nimeisugua jiweni nusu saa nzima. Imekata vizuri mara kumi hivi, kisha makali yakajikunja. Nikiyaelekeza kwenye taa naona uzi mweupe unameta, na makali yaliyonolewa sawasawa hayarudishi mwanga.

Dai langu: mng'aro wa zana mpya ni wa kumvuta mnunuzi tu, hauna uhusiano na ubora. Nikikosea nisahihishwe. Nyie mkishika zana mpya mnaangalia nini kwanza?

#2 FundiTupa
Mkuu, kabla hujailaumu chukua maka peni. Paka wino mgongo wote wa patasi, yaani upande bapa, kuanzia kwenye makali hadi kama sentimita 5 kurudi nyuma. Ilaze jiweni, ivute mara tano bila kuikandamiza. Kisha tuambie wino umetoka wapi na umebaki wapi. Hapo ndipo tutaongea.

#3 DadaRanda
Napinga dai la #1. Tutenganishe umaliziaji na urembo. Umaliziaji ni kazi iliyofanywa ili kifaa kikae sawa, kishikike na kikate. Urembo unawekwa juu yake. Zana inaweza kuwa na vyote viwili, kimoja, au isiwe na hata kimoja.

Mimi huangalia mahali ambapo mnunuzi hafiki. Kwenye randa ya chuma nafungua kisu, natoa kitako kinachobeba kisu, naangalia chini yake. Nikikuta pale chuma kinapokutana na chuma pamechongwa safi, naanza kuiamini. Nikikuta rangi nyeusi imemwagwa hadi kwenye sehemu za kukutana, najua kisu kitacheza na randa itatetemeka kwenye mbao, hata kama nje imepigwa polishi ya harusi. Umbo hili la randa tunaloliona kila mahali linatokana na kazi ya Leonard Bailey, ambaye biashara yake ilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869. Miaka yote hiyo watu wanalinakili umbo kwa macho, lakini umbo si kazi. Kazi iko chini ya kitako.

Kwa hiyo umaliziaji una maana kubwa sana. Ila wewe umeusoma mahali pasipo.

#4 Mwanapatasi
@FundiTupa nimefanya kama ulivyosema.

Nimeilaza patasi ya 18 jiweni na kuivuta mara tano. Wino umetoka katikati, pameonekana kipande cheupe chenye umbo la ulimi. Kushoto na kulia umebaki. Na kwenye makali yenyewe umebaki ukanda mweusi wa kama milimita 3, kutoka kona hadi kona. Nimevuta mara ishirini zaidi, ulimi umepanuka kidogo, lakini ule ukanda wa makali haujaguswa kabisa. Yaani mahali pekee ninapopahitaji ndipo jiwe halifiki.

#5 FundiTupa
Jibu unalo hapo. Mgongo wa patasi yako umeviringika mwishoni. Kilichofanya hivyo ni polishi ya gurudumu la kitambaa. Kitambaa ni laini, kinazunguka kwa kasi, na kikifika ukingoni kinajikunja na kula kona. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kushikilia chuma kwenye kitambaa kile na ukingo ukabaki mkali. Kioo chako kimetengenezwa kwa kuharibu kile ulichokinunua.

Linganisha na ile ya kijivu. Mistari ya jiwe inaonyesha kwamba ilisagwa kwenye mashine bapa na ikaachwa hivyo. Mistari inatoka kwa dakika kumi, ila mviringo wa milimita 3 utakulia jioni nzima.

#6 MzeeKinoo
Mwanapatasi, polishi umeipata, lakini polishi haikunji makali. Makali yanakunjika kwa sababu chuma chenyewe ni laini pale mwisho. Nakuambia kilichotokea: patasi ilikwisha kukomazwa vizuri, yaani kufanywa ngumu kwa moto, ikaja mtu wa kuchonga mteremko, ule upande uliolala unaoishia kwenye makali, akaibana kwenye jiwe la grenda bila maji. Ncha ni nyembamba, joto halina pa kukimbilia. Ikaungua.

Chuma safi kikipata joto hubadilika rangi kwa mpangilio. Karibu nyuzi 220 za Selsiasi kinakuwa na rangi ya majani makavu hafifu, kinaelekea kahawia, kwenye 280 zambarau, na kwenye 300 hivi bluu. Patasi ikifika bluu, ncha yake imeshakuwa chuma cha kijiko. Halafu huyo huyo akaipeleka kwenye gurudumu la kitambaa na bluu yote ikafutika. Ndiyo maana mimi patasi inayong'aa hadi kwenye makali siiamini. Nataka kuona ngozi yake ilivyotoka jiweni.

#7 Mwanapatasi
Shikamoo mzee wangu. Kwa hiyo hakuna namna ya kujua dukani?

#8 MzeeKinoo
Marahaba mwanangu. Dukani kwa macho peke yake, hapana.

#9 ChumaKikavu
Heshima kwa mzee, lakini naongeza mambo mawili. Kwanza, rangi hizo hazitegemei joto peke yake, muda nao unahesabika. Chuma kikikaa muda mrefu kwenye joto la chini kidogo, rangi inaendelea kukolea. Kwa hiyo rangi ni dalili tu.

Pili, kuna maelezo mengine ambayo hayajaguswa hapa. Chuma cha kaboni kikichomwa hadi kiwe chekundu kwenye tanuru yenye hewa, kaboni iliyo juujuu huungana na oksijeni na kuondoka. Kinabaki na ngozi nyembamba isiyo na kaboni ya kutosha, na hiyo ngozi haikomai hata ukiizima kwenye mafuta mazuri kiasi gani. Kiwanda makini kinaisaga ngozi hiyo yote baada ya kukomaza. Kiwanda chenye haraka kinaipiga polishi na kuiuza. Ndiyo sababu wengi wanasimulia patasi au kisu cha randa kilichokuwa kibovu mwanzoni, na baada ya kunolewa mara kadhaa kikawa kizuri ajabu. Walikuwa wanachimba, wakaifikia nyama.

#10 Mpigamsasa
Nilikuja kuuliza kuhusu bisibisi, nimekuta darasa la kemia. Endeleeni, nimekaa mbele.

#11 GerejiMoja
Nyie maseremala mnaongelea polishi ya chuma kitupu. Kwetu kwenye spana ni kromu, na huko ndiko kuna mtihani.

Kromu ya spana ni ngozi nyembamba sana, na chini yake kwa kawaida kuna nikeli. Nikeli ndiyo inayozuia kutu kwa sehemu kubwa, kromu inalinda nikeli na kuleta ule mng'ao. Chuma cha chini kisipoandaliwa vizuri, ngozi inaanza kubanduka kwenye kingo, na kipande cha kromu kilichobanduka kinakata kama wembe. Nilipata kovu kwenye kiganja kwa spana ambayo ilikuwa haijamaliza mwezi. Nilivuta kwa nguvu, mkono ukateleza juu ya ukingo uliobanduka, ngozi ya kidole gumba ikafunguka kama bahasha. Tangu siku hiyo spana mpya ninaipitisha kidole taratibu kingo zote, hasa ndani ya mdomo na ndani ya ringi.

Halafu msidanganywe na maandishi. Kugonga neno «kromu vanadiamu» ubavuni ni kazi ya sekunde moja. Kuna viwango kama DIN 3113 kwa spana zenye mdomo upande mmoja na ringi upande mwingine, na kiwango kina maana kama kilifuatwa. Mimi huchukua nati mpya isiyo na jeraha, naivika. Ikicheza kushoto kulia sana, naiacha spana hiyo. Spana nzuri inaingia bila kulazimishwa na haina uwazi wa kutosha kula kona za nati.

#12 DadaRanda
@GerejiMoja pole sana kwa mkono. Mng'ao wa kioo na ule mweupe uliofifia, upi bora kwa spana? Nasikia ule uliofifia haupotezi mshiko kwenye mafuta.

#13 GerejiMoja
Mimi napenda uliofifia, kwa sababu hiyo hiyo. Lakini wa kioo unafutika kwa kitambaa mara moja na uchafu hauna pa kujificha. Nimefanya kazi na fundi ambaye hagusi spana isiyo kioo, na mikono yake inajua kazi kuliko yangu. Kwa hiyo hapo nasema kila mtu na mkono wake.

#14 Mpigamsasa
Sasa bisibisi yangu jamani. Nina ya nyota mpya, ncha nyeusi, mpini mzuri, lakini inaruka kwenye kichwa cha skrubu. Ni laini?

#15 FundiTupa
Angalia skrubu kwanza. Kichwa kikiwa na msalaba peke yake ni Phillips. Kikiwa na msalaba na vistari vinne vidogo katikati ya mikono ya msalaba ni Pozidriv. Bisibisi ya Phillips ukiiingiza kwenye Pozidriv inakaa kama imeingia, ila ukikaza inapanda juu na kuruka. Watu wengi wametupa bisibisi nzima kwa kosa hili. Ncha nyeusi isiyo na kromu wala haina ubaya, wengine huiacha hivyo makusudi ili ngozi ya kromu isiharibu vipimo vya ncha.

#16 Mpigamsasa
Vistari vipo! Ahsante mkuu. Narudi kukaa mbele.

#17 kaa_na_skwea
Nimesoma kuanzia juu. Mwanapatasi, mbona hakuna aliyekuuliza kuhusu jiwe lako? Umesema #1 uliisugua patasi ile nusu saa kabla ya kupaka wino. Kama jiwe lina bonde katikati, wewe mwenyewe ndiye uliyeviringisha mgongo. Kila ulipoivuta, ncha ilikuwa inapanda ukuta wa bonde na kuliwa. Wote hapa wamekimbilia kiwanda.

Chora mistari ya penseli juu ya jiwe, kama madirisha. Chukua kioo bapa kinene, weka msasa wa maji juu yake, sugua jiwe kwa maji. Mistari ikifutika yote kwa pamoja, jiwe liko sawa. Ikibaki katikati, una bonde.

#18 MzeeKinoo
Swali zuri hilo. Nilipaswa kuliuliza mimi.

#19 Mwanapatasi
Wakuu, nasema ukweli: mistari imebaki katikati. Kipande kama kiganja cha mtoto hakikuguswa kabisa hadi nilipobadili msasa mara mbili. Jiwe lilikuwa na bonde, tena si dogo. Nililinunua likiwa limetumika na sikuwahi kulipima.

Lakini nina patasi ya 25 ambayo sijaigusa tangu itoke kwenye boksi. Baada ya jiwe kunyooka nimeipaka wino nayo. Ukanda wa makali umebaki, safari hii milimita 2 hivi, na kona zote mbili zimebaki nyeusi. Kwa hiyo kiwanda nacho kimo, mimi nimeongezea tu kwenye ile ya 18.

#20 FundiTupa
Nilisema polishi.

#21 kaa_na_skwea
Ulisema polishi peke yake. Mwenzako amekuta mawili. Na ukanda wa patasi moja haujaeleza kwa nini makali yalijikunja.

#22 DadaRanda
Hapana, mviringo unaweza kueleza makali kujikunja, na hapa namjibu pia MzeeKinoo wa #6. Ukinoa mteremko, upande wa pili hutokea uzi mwembamba wa chuma, unausikia kwa kidole kama ukingo wa kopo. Uzi huo unaondolewa kwa kulaza mgongo jiweni. Sasa kama mgongo umeviringika, jiwe haliufikii uzi. Unabaki pale pale, umesimama, unakata vizuri mara chache, kwa sababu kweli ni mkali. Ukigusa mbao ngumu unalala au unavunjika, na ukiangalia kwenye taa unaona mstari mweupe. Hiyo ndiyo hadithi ya #1 neno kwa neno: mara kumi, kisha basi.

Chuma kinaweza kuwa kizuri kabisa na bado ukaona hayo.

#23 ChumaKikavu
Maelezo haya yana nguvu, nakubali. Lakini pia patasi iliyoungua ingefanya hivyo hivyo, na yenye ngozi isiyo na kaboni ingefanya hivyo hivyo. Tuna washukiwa watatu wenye alama moja.

Na wa nne: pembe. Mwanapatasi, umenoa kwa nyuzi ngapi? Patasi nyingi hutoka na mteremko wa nyuzi 25, lakini kwa mbao ngumu watu wengi wanaongeza ukanda mdogo wa nyuzi 30 pale mwisho. Ukiacha 25 kwenye chuma cha wastani, makali ni membamba mno kwa kazi hiyo.

#24 Mwanapatasi
25, kama ilivyotoka. Sijaongeza kitu.

#25 Ramba_chuma
Mnajichosha bure. Nunueni zenye ugumu wa HRC 65 mmalize kazi. Kipimo cha Rockwell hakidanganyi, kilibuniwa na huyo Stanley mwenyewe mwenye kampuni ya randa.

#26 ChumaKikavu
Mkuu, Stanley huyo siye. Kipimo hicho ni cha Hugh Rockwell na Stanley Rockwell, waliomba hataza mwaka 1914, na walikuwa wanatafuta njia ya haraka ya kupima pete za beringi. Stanley ni jina lake la kwanza, halina uhusiano na kampuni ya randa. Kwenye skeli ya C wanabonyeza koni ya almasi kwa mzigo wa kilo 150 na kupima imezama kiasi gani.

Na 65 kwa patasi ya kupigwa nyundo ni kujitafutia makovu. Tupa inaweza kuwa kwenye ugumu huo kwa sababu haipigwi, inasukumwa tu. Patasi nyingi ziko kati ya 58 na 62. Ukizidisha ugumu unapata chuma kikavu, kona zinameguka. Nyundo nayo iko chini zaidi, kwa makusudi. Ndiyo maana haturuhusu kupiga uso wa nyundo kwa nyundo: chuma kigumu dhidi ya kigumu, kipande kinaruka jichoni.

#27 Ramba_chuma
Nimekuelewa. Nilichanganya majina.

#28 mama_mpini
Habari za humu. Mimi nachonga mipini, na naona mnapita kwenye mpini kama si sehemu ya zana. Nusu ya ubora wa nyundo au shoka iko kwenye mti.

Geuza nyundo mpya uangalie mwisho wa mpini, pale chini. Utaona mistari ya miaka ya mti. Nataka mistari hiyo ielekee sawa na kichwa, yaani ukisimamisha nyundo kama unapiga, mistari isimame wima na pigo. Ikilala kwa upana, mpini utapasuka mapema. Kisha fuata nyuzi ubavuni kwa macho. Zikikimbia kutoka upande mmoja na kutokezea upande mwingine katikati ya mpini, hapo ndipo utakapokatika.

Angalia na kabari juu ya kichwa. Pakiwa na uwazi uliojazwa gundi nyeusi au rangi, wameficha kitu. Na vanishi ile nzito inayong'aa, mimi naikwangua yote siku ya kwanza. Inateleza mkono ukitoa jasho, na ni hiyo inayotoa malengelenge. Napaka mafuta ya kitani, nafuta, nasubiri, narudia.

#29 Mpigamsasa
Mama, mimi nyundo ikilegea naitumbukiza ndoo ya maji usiku mmoja, asubuhi imekaza.

#30 mama_mpini
Inakaza, mwanangu, kwa sababu mti umevimba. Lakini umevimba ndani ya tundu la chuma ambalo halitanuki, kwa hiyo nyuzi zimejiponda zenyewe. Ukikauka unakuwa mdogo kuliko mwanzo. Wiki ya pili utaitumbukiza tena, na siku moja kichwa kitaruka. Ongeza kabari, au vua kichwa ukivike upya.

#31 kaa_na_skwea
Kwa kuwa mjadala umefunguka: skwea mpya, ile ya kupimia pembe mraba, ipimeni siku hiyo hiyo. Ubao wenye ukingo ulionyooka, iegemeze, chora mstari. Igeuze upande wa pili, chora mstari mwingine kutoka nukta ile ile. Mistari ikilaliana, skwea iko sawa. Ikifunguka kama mkasi, skwea ina kosa, na kiasi cha kosa ni kile unachokiona.

#32 DadaRanda
Nusu ya unachokiona. Kugeuza kunaongeza kosa mara mbili. Mistari ikiachana milimita 1 mwishoni, skwea imekosea nusu milimita kwa urefu huo.

#33 kaa_na_skwea
Sahihi, nusu. Ahsante dada. Pima maji nayo ni hivyo hivyo: iweke, soma kipovu, igeuze kichwa kwa mkia palepale, soma tena.

#34 GerejiMoja
Na plaizi: zifunge, zielekeze kwenye mwanga. Ncha zikutane kwanza, na kwenye makali ya kukatia kusipite mwanga. Kisha kata karatasi nyembamba nazo. Zikiitafuna badala ya kuikata, makali hayakutani hata kama zinang'aa vipi. Spana malaya nayo, fungua mdomo nusu, utikise ule upande unaotembea. Ukipiga kelele kama njuga, iache dukani.

#35 Mpigamsasa
Na msumeno? Wangu una meno yenye ncha nyeusi kama yameungua. Nimesoma ya MzeeKinoo nimeogopa.

#36 MzeeKinoo
Usiogope. Hayo yamekomazwa kwa umeme kwa muda mfupi mno, ncha tu, na weusi ule umeachwa hapo bila kufutwa. Yanadumu sana, lakini tupa haiyagusi. Yakiisha, umeisha na msumeno. Mimi naupenda wa kuchongwa kwa tupa, ninaoweza kuuamsha mwenyewe, lakini sikukatazi huo.

Mwanapatasi, turudi kwako. Chukua tupa mpya laini. Pembeni mwa patasi ya 25, usiguse makali, jaribu kuvuta polepole. Karibu na ncha, kisha sentimita 2 juu. Tupa ikiteleza kama kwenye kioo, chuma ni kigumu. Ikishika na kutoa unga, ni laini.

#37 Mwanapatasi
Nimefanya, nikarudia mara tatu ili nisidanganyike.

Sentimita 2 juu, pande zote mbili: tupa inateleza, inatoa mlio mwembamba, hakuna alama. Karibu na ncha, upande wa kulia: inateleza lakini kwa kusitasita. Karibu na ncha, kona ya kushoto: imeshika. Imetoa unga mdogo wa kijivu na imeacha mkwaruzo ninaousikia kwa ukucha.

#38 MzeeKinoo
Imeungua kona ya kushoto. Ndiyo ilikuwa ya mwisho kutoka kwenye grenda.

#39 ChumaKikavu
Au ngozi. Pembeni mwa patasi husagwa baada ya kukomazwa, na kusaga hakulingani. Sentimita 2 juu wamefika kwenye nyama, kwenye kona hawakufika. Tupa inakuambia pale ni laini, haikuambii kwa nini.

#40 DadaRanda
Na kona moja laini haielezi makali yote ya patasi nyingine kujikunja. Ya 18 ilijikunja kutoka kona hadi kona, sivyo? Bado nasema ni uzi wa chuma ambao haukuondolewa.

#41 Mwanapatasi
Ndiyo, kutoka kona hadi kona.

Nimepanga hivi. Ya 18 naikata milimita 3 kwenye grenda kwa maji, nanyoosha mgongo kwenye jiwe lililosawazishwa, nanoa kwa nyuzi 30. Ya 25 sikati kitu, nanyoosha mgongo tu, nyuzi 30 vilevile. Mbao ile ile, kichwa cha nyuzi, nahesabu mikato hadi mstari mweupe uonekane.

#42 kaa_na_skwea
Ukifanya hivyo, ya 18 ikishinda hutajua kama ni milimita 3 zilizoondoka au ni upana. Tumia na ya 12: nyoosha mgongo, iache kwenye nyuzi 25. Angalau moja kati ya zako iwe imebadilika jambo moja tu.

#43 ChumaKikavu
Na ukiikata ile ya 18, nenda nusu milimita, jaribu tupa, andika, kisha nusu nyingine. Kama ni ngozi, ugumu utarudi mapema. Kama imeungua, itabidi uende ndani zaidi. Labda.

#44 Mwanapatasi
Sawa wakuu, za 12 na 25 naanza nazo kesho. Nitaleta hesabu hapa.

#45 mama_mpini
Na ukwangue vanishi kabla, mkono usiteleze wakati unahesabu.

#46 MzeeKinoo
Kopo la maji liwe mguuni pa grenda, na kidole chako kiwe karibu na ncha muda wote, bila glavu. Kidole kikishindwa kuvumilia, tia majini. Usingojee rangi.